Mwanangu Malaysia katozwa asilimia 10 kwa jozi ya viatu: ni haki?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji: kodi, forodha na mizigo

SWALI: Assalamu alaykum Bwana Forodha. Mimi ni mama, nakaa Wete, nauza nguo za watoto. Nina kijana wangu anasoma chuo Kuala Lumpur, na matumizi yake natoa mimi kwenye kibanda hichi hichi. Juzi kaagiza mtandaoni viatu vya ringgit 120 kutoka kwa muuzaji aliyeko China. Wakati wa kulipa akaongezewa ringgit 12, ikaandikwa kuwa ni kodi ya mauzo. Kabla viatu havijafika akapata ujumbe wa simu kwamba kifurushi kimezuiliwa forodha, alipe ringgit 35 kwa kubonyeza kiungo, akichelewa kitarudishwa China. Sasa anataka nimtumie pesa hizo. Jirani yangu ananiambia hakuna nchi inayotoza kodi kitu kidogo kama jozi ya viatu, kwa hiyo mtoto ananichezea. Nilikuwa pia na nia aninunulie nguo za watoto huko aniletee za kuuza, ila sasa naogopa. Nifanye nini? — *Mama wa mwanafunzi, Wete, Pemba*

JIBU: Waalaykumu salaam mama. Naanza na la haraka: zile ringgit 35 usitume. Mpigie kijana leo hii, umwambie asibonyeze kiungo hicho na asiandike namba ya kadi yake popote. Ikiwa ameshaiandika, aiarifu benki yake leo leo waifunge kadi, asingoje kesho.

Baada ya hapo tulia, kwa sababu mtoto hajakudanganya. Kodi ile ya ringgit 12 ni ya kweli na ni halali. Jirani yako anasema yaliyokuwa kweli zamani. Kwa miaka mingi nchi nyingi zilikuwa zinaviacha vifurushi vidogo vipite bila kutozwa kitu, kwa kuwa kumweka ofisa akifungue kifurushi, akithamini na kukiandikia karatasi kulikuwa na gharama kubwa kuliko kodi yenyewe. Malaysia nao walikuwa hivyo: kifurushi kinachokuja kwa ndege kisichozidi thamani ya ringgit 500 kilikuwa hakilipi ushuru wala kodi ya mauzo.

Kisha watu wakaanza kununua kila kitu kwenye simu. Viatu, chaja, vipodozi, mashuka, vyote vinatoka China kwa vifurushi vidogo vidogo. Mwenye duka pale Kuala Lumpur alileta viatu vile vile kwa kontena, akalipa kodi, akalipa pango na mishahara, halafu mteja wake anaingia dukani, anajaribu kiatu mguuni, anatoka nje kukiagiza kwenye simu bila kodi. Serikali ikatunga kodi ya mauzo ya bidhaa za thamani ndogo, ikaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2024. Kiwango ni asilimia 10. Inahusu bidhaa za bei isiyozidi ringgit 500, zilizouzwa mtandaoni na kuletwa Malaysia kutoka nje, zije kwa ndege, kwa bahari au kwa njia ya nchi kavu. Sigara, tumbaku na ulevi vimewekwa kando, vina taratibu zao.

Anayetoza ni muuzaji mwenyewe, au lile soko la mtandaoni linalowakusanya wauzaji. Muuzaji ambaye mauzo yake ya bidhaa hizi kwenda Malaysia yanapita ringgit 500,000 kwa miezi 12 ni lazima ajisajili kwa Idara ya Forodha ya Malaysia, hata kama ofisi yake iko Shenzhen. Akishasajiliwa, anaiongeza ile asilimia 10 pale pale unapolipa, anaikusanya, na kila kipindi anaiwasilisha serikalini. Muuzaji mdogo asiyefikia kiwango hicho hatozi. Ndiyo maana kijana wako anaweza kununua soksi kwa mtu mmoja akalipa kodi, akanunua nyingine kwa mtu mwengine asilipe, na wote wawili wakawa wako sawa.

Umeniletea picha ya ankara na nimeitazama vizuri. Bei ya viatu ni ringgit 120. Mstari wa pili ni kodi ya mauzo, ringgit 12. Wa tatu ni nauli, ringgit 8. Jumla 140. Hesabu imekaa sawa: asilimia 10 imekwenda juu ya bei ya viatu peke yake, nauli haikuguswa. Kama ingekuwa wametoza asilimia 10 juu ya 128 ningekwambia mtoto aulize. Mwambie aitunze ankara hiyo mpaka viatu vimfikie mguuni, maana ndiyo ushahidi wake kuwa kodi imeshalipwa.

Sasa utauona ubaya wa ule ujumbe wa pili. Maana nzima ya utaratibu huu ni kwamba kodi ikishachukuliwa na muuzaji, kifurushi kikifika kwenye mpaka hakidaiwi tena kodi hiyo hiyo. Matapeli wamejua kwamba watu wengi wana kifurushi njiani, na wamejua kwamba neno forodha linatia hofu. Wanatuma ujumbe mmoja kwa maelfu ya namba, na kila mwenye kifurushi anadhani ni yeye. Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha pale bandari ya Malindi, Unguja, tangu siku za kuandika matamko ya mizigo kwa mkono na nakala za karatasi ya kaboni, na sijapata kuona forodha ya nchi yoyote inadai kodi kwa kiungo cha simu bila ya namba ya tamko, jina la mwenye mzigo na maelezo ya bidhaa. Ujumbe uliompata mwanao hauna hata kimoja. Haukutaja viatu. Akitaka kuhakikisha, afungue programu ile ile aliyonunulia, aangalie mzigo umefika wapi. Asipite kwenye kiungo alichotumiwa.

Linaniuma jambo hili, mama, kwa sababu ringgit 35 kwako wewe ni gauni ngapi za watoto umeziuza kwanza? Na anayeibiwa mara nyingi ni kijana mgeni, anayeogopa kukosea sheria za watu.

Nije kwenye nguo za kibanda. Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote, kwa sababu ndipo pesa yako itakapookolewa au kupotea. Kodi hii hufuata anuani ya kupokelea mzigo. Haiangalii mnunuzi ni raia wa wapi, wala pesa imetoka benki gani. Kijana wako Mpemba katozwa kwa sababu viatu vinakwenda Kuala Lumpur. Wewe ukiwa Wete ukaagiza nguo kwa muuzaji yule yule wa China na anuani ikawa Zanzibar, ile asilimia 10 ya Malaysia haikuhusu hata senti. Lakini ukimwambia mtoto aagize China, zifike kwake Kuala Lumpur, kisha azifunge akutumie, utakuwa umelipa kodi ya Malaysia, umelipa nauli mbili, na ukifika hapa utalipa ushuru na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya hapa kama kawaida. Hakuna ofisa wa Malindi wala wa Mkoani atakayekupunguzia kwa sababu Malaysia walishakata chao. Kwa hiyo kama nguo zinatoka China, zije moja kwa moja. Kama kuna nguo zinazoshonwa Malaysia kwenyewe na unazitaka, hiyo ni biashara nyengine, na muuzaji wa huko aulizwe bei ya kusafirisha nje ya nchi.

Na akija likizo na begi lake? Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe abiria vitu vyake binafsi: nguo zake, viatu vyake, zawadi za kiasi. Gauni 60 za watoto zilizofungwa kwa saizi si vitu binafsi vya kijana wa kiume wa miaka 20, na yeyote atakayelifungua begi hilo atajua. Asiambiwe aseme ni zawadi za wapwa. Atangaze kuwa ni bidhaa, aonyeshe ankara, alipe, apewe risiti. Ninakuomba usimtie mtoto kwenye uongo wa kwanza mbele ya ofisa kwa sababu ya faida ya kibanda. Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya sheria hiyo, na mzigo unaweza kukamatwa wote.

SWALI: Mimi ni muuza abaya, Mwanakwerekwe. Naagiza China kupitia wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, ananitoza kwa CBM (meta za ujazo) na ananiambia kodi zote zimo ndani. Sijawahi kupewa karatasi yoyote. Safari iliyopita kaniongezea bei akisema kodi ya mtandaoni imepanda duniani kote. Nimesoma Malaysia, Ulaya na Marekani wameanza kutoza vitu vidogo. Ndiyo hiyo imenifikia mimi? — *Dada wa abaya, Unguja*

JIBU: Dada yangu, hapana. Wakala wako amechukua habari ya kweli akaiweka mahali isipohusika.

Ni kweli mambo yamebadilika sehemu nyingi. Australia walianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza asilimia 10 kwa bidhaa zisizozidi dola zao 1,000. New Zealand wakafuata Desemba 2019, asilimia 15. Uingereza, tangu Januari 2021, kitu kisichozidi pauni 135 kinatozwa VAT ya asilimia 20 pale pale unaponunua. Umoja wa Ulaya, Julai mwaka huo huo, waliufuta msamaha wa VAT kwa vitu visivyozidi yuro 22. Singapore walianza 2023. Marekani walikuwa wanasamehe ushuru kwa kifurushi kisichozidi dola 800. Mwaka 2025 wakaufuta msamaha huo, kwanza kwa vya China na Hong Kong mwezi wa Mei, kisha kwa nchi zote mwisho wa Agosti. Kama una shemeji London au Birmingham, habari hizi ni zake, kwa vitu anavyopokea huko anakokaa. Abaya inayotoka Guangzhou ikashuka Malindi haijakanyaga London wala Los Angeles. Nimeshamjibu mama wa Wete kwamba kodi hizi zinafuata anuani ya mpokeaji, na jibu lako linatoka hapo hapo.

Wewe unadaiwa kodi za hapa, na za hapa zinajulikana. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndio wanaoukusanya hata Unguja na Pemba, na viwango vyake ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, nguo zikiwemo. Nchi mwanachama huweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa mwaka fulani, kwa hiyo uliza cha bidhaa yako na cha mwaka huu. VAT ya Zanzibar ina sheria yake, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15. Bara ni 18.

Tufanye hesabu yako, tuchukue kuwa abaya zako ziko kwenye 35. Umezinunua kwa shilingi 1,000,000. Nauli ya meli 180,000, bima 20,000. Thamani ya forodha ni vyote vitatu kwa pamoja, 1,200,000. Ushuru asilimia 35 ni 420,000. Sasa unajumlisha, inakuwa 1,620,000, na VAT ya asilimia 15 inatozwa juu ya hiyo jumla: 243,000. Kwa hiyo ushuru na VAT ni 663,000, ukiacha gharama za bandari na ujira wa wakala. Watu wengi huchukua asilimia 15 ya bei ya kununulia, wakashangaa mwisho wa hesabu. VAT inakaa juu ya ushuru, na ushuru unakaa juu ya nauli.

Ukishaiweka hesabu hiyo kwenye daftari, kaa na wakala wako umuulize kwa adabu: katika pesa yangu, ushuru ni kiasi gani, VAT ni kiasi gani, na chako wewe ni kiasi gani? Mzigo umetolewa Zanzibar au umetolewa Dar es Salaam ukavushwa? Kwa jina la nani? Mawakala waaminifu ninawajua, wapo wengi, na hawachukii kuulizwa. Wanakuonyesha tamko lenye mizigo ya kila mtu, wanakutolea mstari wako. Nimekaa na mwengine akampigia mteja wake mstari kwa kalamu nyekundu kwenye nakala, namba ya bidhaa, idadi, thamani, ushuru, ili mteja asipate taabu ya kusoma. Huyo wa kwako anayesema kodi zimo ndani na hatoi karatasi amekuweka pabaya. Siku mzigo ukikamatwa njiani kutoka Malindi kwenda Mwanakwerekwe, atakayeulizwa ni wewe, na mkononi huna kitu. Siku ukitaka mkopo benki, huna kitu. Siku ukijisajili VAT, ile 243,000 uliyolipa bandarini ungeweza kuidai ikatwe kwenye kodi ya mauzo yako, lakini bila ya karatasi yenye jina lako imepotea.

Mimi nasema wazi kwamba kutoza vifurushi vidogo ni haki. Wenye maduka ya Mlandege na Mchangani wanalipa ushuru na VAT, hawawezi kushindana na kifurushi kinachoingia bure. Lakini haki hiyo inataka mlipaji aone alichotozwa. Kijana wa Kuala Lumpur kalipa ringgit 12 na kaziona zimeandikwa peke yake kwenye mstari wake. Wewe unayelipa laki sita huoni hata mstari mmoja. Ikiwa siku moja wakubwa wetu wa TRA na wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) watapanga utaratibu wa vifurushi vya mtandaoni kwa visiwa vyetu, naomba kwa moyo wangu wote wauchukue huo wa kutoza pale mtu anaponunua. Mtu wa Micheweni au wa Makunduchi asilazimike kukata nauli na kuacha kazi siku nzima kwa ajili ya kwenda kubishana thamani ya chaja ya simu.

Na usikubali kuandikiwa bei ya uongo kwenye ankara. Najua wauzaji wa China wengine hujitolea wenyewe: dada, niandike dola ngapi? Mjibu, andika niliyolipa. Ofisa wa forodha ana haki ya kuikataa thamani asiyoiamini na kutumia nyengine, na hapo huna cha kujitetea kwa sababu ankara yako mwenyewe ni ya uongo.

SWALI: Ndugu mhariri, mdogo wangu yuko Malaysia pia. Analipia programu ya kompyuta ya masomo kila mwezi kwa kampuni ya nje na anakatwa asilimia 8. Si umesema ni 10? — *Mwalimu wa skuli, Chake Chake*

JIBU: Mwalimu, hizo ni kodi mbili tofauti. Ile ya asilimia 10 ni ya vitu unavyoweza kuvishika: kiatu, kitabu, chaja. Programu, filamu na muziki wa mtandaoni huhesabiwa kuwa huduma, na Malaysia wanazitoza kodi ya huduma kwa watoa huduma wa nje tangu Januari 2020. Ilianza kwa asilimia 6, ikapanda kuwa 8 tarehe 1 Machi 2024. Mdogo wako katozwa sawasawa. Akiona siku moja katozwa 10 kwa programu, au kodi zote mbili kwa kitu kimoja, aandike kwa muuzaji kupitia sehemu ya malalamiko ndani ya akaunti yake na aambatishe ankara. Pesa iliyozidi ni haki yake kurudishiwa.

Maswali yenye ankara yananirahisishia kazi, kwa hiyo mnaponiandikia leteni picha yake, mkifuta kwanza jina, namba ya simu na namba ya kadi.